Kidonge cha Kukojosha
Neno letu la leo ni KUKOJOSHA. Mwenye moyo dhaifu huweza kupewa kidonge cha furosemaidi ili kitoe maji yaliyozidi mwilini. Kwenda chooni mara kwa mara si ugonjwa, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo humezwa asubuhi, mtu apate kulala. Una safari ya basi, Kilwa Masoko mpaka Lindi, au unakwenda kuvua? Usikiache, miguu isije ikavimba na pumzi zikakubana. Mwulize daktari saa nyingine ya kumeza.

Lakini maji hayo hutoka pamoja na chumvi zinazohitajiwa na misuli. Ukisimama ukashikwa na kizunguzungu, keti. Misuli ikikakamaa, au moyo ukidunda ovyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na Ramadhani ikikaribia, mwulize daktari habari ya kufunga.