Ulimi Uliofungwa Darasani

Kijana wa Tanzania aliyesomeshwa kwa Kiswahili miaka 7 ya shule ya msingi, kisha akahamishiwa Kiingereza sekondari, aghalabu huingia chuo kikuu akiweza kuandika insha nzima kwa Kiingereza, ilhali ulimi wake, kwa hofu ya kuchekwa na wenziwe, umefungwa. Na hofu hiyo, kwa rai yangu, ina taabu zaidi kuliko sarufi yenyewe. Basi mwalimu na awape wanafunzi sababu ya kunena: wakae wawili wawili, mmoja asikilize taarifa fupi ya redio, kisha amsimulie mwenziwe ambaye hakuisikia, naye aulize hata afahamu. Makosa yasikatize kauli. Yasahihishwe baadaye, kwa upole. Hata mnyamavu hufunguka, maadamu yupo anayeingojea habari yake.