Daftari la Mlezi



Baba Paroko, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliosimama juani na skafu zenu shingoni tangu Misa ya kwanza: leo tumewaita mbele walezi wenu wa skauti, na nimeombwa niseme kwa nini.

Sisi wa Nakuru tunamjua mwari, ndege wa ziwa letu mwenye mfuko chini ya mdomo. Wakristo wa kale walisimulia kwamba njaa ikizidi, mwari hujidonoa kifua akawalisha makinda damu yake, ndipo wakamfanya ishara ya Kristo katika Ekaristi. Huko Marekani, majimbo Katoliki huwatunuku watu wazima wanaolea imani ya skauti nishani ya mwari wa shaba. Walichagua ndege anayefaa.

Mlezi wa namna hiyo nilimwona mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili tulipiga kambi Nyeri, tukaenda kuliona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki huko mwaka 1941. Kwenye jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati, maana yake: nimerudi nyumbani. Lakini kilichonikaa moyoni ni cha usiku ule. Mlezi wetu, fundi cherehani, aliwasha taa ya chemli, akafungua daftari, akatusomea hesabu ya nauli yetu mstari kwa mstari, akamrudishia kila mtoto shilingi mbili zilizobaki. Ndipo akasema, "Sasa tusali." Mwenzetu akamuuliza mbona asingoje asubuhi. Akajibu kwamba hawezi kwenda mbele za Mungu na pesa za watoto mfukoni.

Ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu na wajibu kwa nchi. Mimi niliuona wajibu huo wote katika daftari lile la kurasa thelathini na mbili. Padre Jacques Sevin, Mjesuiti aliyeshiriki kuanzisha Scouts de France mwaka 1920, aliamini hivyo wakati Wakatoliki wengi bado waliushuku uskauti: kwamba kuwasha moto, kupika na kugawana ni mahali pa kumkuta Mungu.

Walezi hawa wa leo nawaheshimu kwa jambo moja zaidi. Wao wenyewe ndio waliodai parokia iandike kanuni kwamba mtu mzima asikae na mtoto faraghani, hata awe nani. Walikubali kutazamwa. Wangapi kati yetu tulio na madaraka tumewahi kuomba tutazamwe?

Wazazi, naomba nisiwafiche. Tunawashusha watoto getini Jumamosi tukaondoka, halafu mwaka ukiisha tunapiga makofi. Jumamosi ijayo kikosi kinakwenda kambini. Wanahitajika wapishi wawili, mwenye gari mmoja, na mtu wa kukesha. Mimi nimejiandikisha kukesha. Daftari liko mezani, pale mlangoni, na kalamu ipo.