PICHA ZA MUNGU KATIKA KUTA ZA BWIZA
(Hotuba ya walimu siku ya kumbukumbu)

 

Kamati imetuomba tuseme machache kuhusu ukuta mpya wa shule. Wengine wanataka uchorwe msalaba, wengine mwezi na nyota. Maneno yameanza kuwa makali. Kabla hatujashika brashi, sisi walimu tuliotoka Bwiza tunaomba tukumbushane.

Bwiza ni mtaa wa Bujumbura, jirani na Buyenzi. Huko Kiswahili kilisemwa kila barabara, na Mkristo na Mwislamu waliishi ukuta kwa ukuta. Wazazi wetu hutusimulia juu ya maduka na vinyozi wa wakati ule: hapa Bikira Maria, pale msikiti, kwingine neno Imana kwa rangi nyekundu. Machi 1995 vijana wenye silaha waliwafukuza Wahutu katika mitaa hiyo miwili, kama Watutsi walivyokwisha kufukuzwa Kamenge. Picha zilibaki ukutani. Majirani ndio waliotoweka.

Ndugu zetu, kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki na Waprotestanti walichora kuta ili mpita njia ajue mtaa ni wa nani. Kwetu haikuwa hivyo. Wengi wa waliofukuza na waliofukuzwa walisali kanisa moja, na Bikira Maria wa ukutani alikuwa wa wote. Hatukugombana kwa ajili ya dini, lakini dini ya ukutani haikutuzuia.

Dini ya moyoni ilionekana Seminari ya Buta, Bururi, tarehe 30 Aprili 1997. Wanafunzi waliamriwa na wenye bunduki wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana 40 waliuawa.

Kwa hiyo tunapendekeza ukuta wa shule usiwe alama ya mwenye mtaa. Msalaba una kanisa lake, mwezi na nyota vina msikiti wake, na shule ni ya wote. Tuchore watoto wetu wakisoma dawati moja. Mtoto akiuliza kwa nini hatukuchora alama ya dini, mzazi amketishe amsimulie habari za Bwiza na za Buta.

 Mungu atubariki sote.