Mambrui: Kusi Haimlazi Mvuvi Peke Yake

Taarifa za uvuvi huishia kwenye kilo. Mambrui, kaskazini mwa mto Sabaki, hesabu haiishii hapo. Samaki akifika ufuoni, mchuuzi anamngoja na baiskeli, mama karanga, mkaangaji wa samaki, na karai lake la mafuta, fundi na pamba ya kukalafati dau. Miezi ya upepo wa kusi bahari ikichafuka, vyombo vidogo havitoki, na kazi za wote hao hulala pamoja na ya mvuvi.

Basi misaada ya msimu wa kusi ikipangwa, isimtazame mwenye nyavu tu. Imhesabu na mama karanga.