Andika jina langu mbele nipande

Maneno tuliyosema mbele ya vijana katika mkutano wa raia, Likasi



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya ajali za meli na mashua, rafiki mmoja alitucheka. Alisema: « Bandugu, Likasi iko na bahari wapi? Museme juu ya maji ya robine, museme juu ya barabara. » Maji ya robine tutayasema tena, tusiwe na wasiwasi. Lakini leo tunaomba mwangalie kwanza samaki.

Samaki wanaouzwa hapa kwetu wanatoka Kapolowe, kwenye ziwa la Tshangalele, lile ziwa lililozaliwa na barazi ya Mwadingusha juu ya mto Lufira. Wengine wanatoka Bukama na chini zaidi. Toka Bukama, Lualaba inabeba mashua mpaka Kongolo. Mama anayekwenda kununua samaki analala juu ya magunia, katikati ya maji, bila gile ya kuokoa maisha. Mwanafunzi anayetoka Malemba-Nkulu kuja kusoma hapa mjini, naye amepita njia ile. Hatuna bahari, ndiyo. Lakini bantu yetu iko juu ya maji kila siku.

Tuanze mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Tarehe 13 mwezi wa kwanza mwaka wa 2012, meli ya kitalii yenye jina Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, kule Italia. Ilikuwa meli ya starehe, yenye mabwawa ya kuogelea, muziki, na vyumba kama vya hoteli. Ndani yake mlikuwa watu zaidi ya 4,200. Kapiteni aliisogeza karibu sana na kisiwa. Meli ilipogonga, ilipita zaidi ya saa moja mbele ya kutoa amri ya kuiacha. Mamia ya abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajafundishwa mahali pa kukimbilia. Kapiteni mwenyewe alitoka wakati watu wengine walikuwa bado ndani. Munaona? Hata kule kwa matajiri kuna uzembe.

Walikufa watu 32. Hawakusema « karibu 30 », wala « kati ya 20 na 50 ». Walisema 32. Mwili wa mwisho, wa mfanyakazi mmoja kutoka India, ulipatikana mwaka wa 2014, meli ikiwa tayari inavunjwa vipande. Karibu miaka mitatu walikuwa bado wanamtafuta mtu mmoja. Juu ya nini? Juu jina lake lilikuwa kwenye liste, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwemo. Kapiteni alihukumiwa mwaka wa 2015, miaka 16 ya jela. Kisha sheria ya dunia ikabadilishwa: siku hizi abiria wa meli kama ile wanafundishwa namna ya kujiokoa mbele meli haijaondoka, au wakati ule ule inapoondoka.

Ni vile toka zamani. Titanic ilizama mwaka wa 1912, na mitumbwi yake ya kuokoa ilitosha nusu tu ya watu. Miaka miwili nyuma, mataifa yalikaa pamoja yakaandika mapatano ya kwanza ya usalama wa maisha baharini. Kwao kifo kinaacha sheria, na sheria inaacha mtu wa kuifuata.

Sasa turudi kwetu.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, mashua Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Vita ilikuwa imefunga barabara, na ziwa Kivu likabaki njia ya watu na ya vyakula. Mashua ilipakia kupita kipimo. Ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao pembeni ya maji. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani, na 78 wamekufa. Wakubwa wengine wakatoa hesabu zingine. Siku zikapita, hesabu hazikupatana.

Mwezi wa 4 mwaka wa 2019, kwenye ziwa lile lile, upande wa Kalehe, mashua ingine ilizama. Rais wa Jamhuri alitangaza watu 150 hawajulikani waliko. Maiti zilizoonekana zilikuwa chache tu. Rais alifika Kalehe, akasema kila msafiri lazima avae gile. Tangu ile amri mpaka Merdi ilipita miaka mitano na miezi. Na kwenye Merdi, wengi walianguka ndani ya maji bila gile.

Tusiseme ni mambo ya Kivu tu. Mwezi wa 12 mwaka wa 2014, katika Katanga yetu ya zamani, mashua Mutambala ilizama kwenye ziwa Tanganyika. Serikali ya Katanga ilihesabu wafu 129, ikasema sababu ni mizigo mingi na upepo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao iliyoitwa HB Kongolo iliwaka moto. Ilisemwa moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa anapika ndani. Walikufa zaidi ya 140, wengine kwa moto, wengine juu waliruka majini bila kujua kuogelea.

Ngambo ya ziwa, Tanzania, hadithi ni ile ile. MV Bukoba ilizama mwaka wa 1996 ikikaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka mwaka wa 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Ilikuwa na nafasi ya watu 101, lakini waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Musikie vizuri: wafu walikuwa mara mbili ya watu walioruhusiwa kupanda. Na Spice Islander, iliyozama mwaka wa 2011 ikienda Pemba, ilikuwa na ruhusa ya abiria 600 hivi. Mwanzoni walihesabu wafu karibu 200. Miezi kadhaa nyuma, uchunguzi ulileta hesabu ya kweli: waliopanda walikuwa zaidi ya 2,000, waliokufa na waliopotea zaidi ya 1,500.

Njo hapa tunataka kufika. Hatujui wangapi wamekufa juu hatukuandika wangapi wamepanda. Ugonjwa uko mule.

Mmoja wetu, anayekaa kati yenu hapa, alipoteza dada yake mkubwa kwenye Lualaba. Hatutataja mashua wala bandari. Aliposikia habari, alifika pale kwa kulala njiani siku mbili. Akauliza: yaya yangu alikuwa ndani, ao hakukuwa? Walimuonyesha karatasi ya majina 18. Yeye mwenyewe alihesabu watu waliookoka, waliokuwa wamekaa chini ya mti na mablanketi. Walikuwa 31. Waliookoka peke yao walipita liste! Basi waliozama wako wapi kwenye ile karatasi? Yule aliyeshika karatasi alimujibu: « Mudogo, kama jina haliko, hakupanda. » Mpaka leo familia haina karatasi ya kifo. Haina kaburi. Watoto wa yule mama, kwa Leta, mama yao amesafiri tu.

Tunajiuliza kwa nini liste inakuwa fupi. Jibu si gumu. Mwenye mashua analipa kodi kufuatana na hesabu ya watu, na liste fupi inapunguza kodi. Mashua ina kipimo, na liste fupi inaficha watu waliopita kipimo. Anayepaswa kuchunguza anapewa matabishi, anafunga jicho. Wengine wanapandishwa usiku, ao mbele kidogo ya bandari, mahali hakuna wa kuuliza. Ajali ikifika, liste ile ile fupi inakuwa kinga yake: tribinale haiwezi kuhukumu juu ya watu ambao hawakuwako.

Na uzito unafanya kazi yake. Magunia yanajazwa, kisha watu wanakaa juu ya magunia. Uzito unapanda juu, mashua inakosa msimamo. Ubavu unabaki shibiri moja juu ya maji, na wimbi dogo linaingia. Watu wanaogopa, wanakimbilia upande mmoja, inapinduka. Wazee wanapenda kusema ni mapenzi ya Mungu, ao ni mamba-muntu. Sisi tunasema kwa heshima: Mungu hakupakia yale magunia.

Hapa kwetu tunaijua hii hata bila maji. Mwezi wa 3 mwaka wa 2022, kule Buyofwe, jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ilianguka bondeni. Ilikuwa treni ya mizigo, lakini walikufa watu zaidi ya 60 juu yake. Ni wangapi walipanda? Hakuna karatasi. Na wachimbaji wetu wanaoshuka ndani ya mashimo usiku, ardhi ikifunga, nani anajua walishuka wangapi? Maji, reli, shimo: mtu asiyeandikwa anakufa mara mbili.

Tuseme na yetu pia. Sisi vijana wa mji tunaogopa liste. Tukisikia liste, tunawaza polisi, tunawaza wale wanaokuja kugonga mlango usiku. Woga ule una sababu. Lakini kuna liste ambayo mkubwa anaandika ili akukamate, na kuna liste ambayo raia anadai ili asipotee. Ya kwanza tuikatae. Ya pili tuipiganie. Tena tukubali kosa letu: mara ngapi tumetoa franga, tukapanda juu ya mizigo, hatukuuliza kitu, paka tufike mapema? Mwenye mashua anahesabu ukimya wetu ndani ya faida yake.

Basi tunadai mambo manne, na si mambo makubwa ya kushinda nchi.

Moja: kila mashua iwe na liste mbili za majina. Moja ipande, moja ibaki nchi kavu, ibandikwe mahali kila mtu anaisoma mbele ya kuondoka.

Mbili: kipimo cha watu na cha mizigo kiandikwe kwa rangi kubwa kwenye ubavu wa mashua, pamoja na mstari ambao maji hayapaswi kuupita.

Tatu: gile moja kwa kila mtu, na ya watoto pia, ivaliwe toka mwanzo. Gile iliyofungwa chini ya magunia haiokoi mtu.

Nne: ajali ikitokea, hesabu itangazwe pamoja na majina, na tribinale ishuke mpaka kwa aliyetia sahihi, isiishie kwa dereva peke yake.

Tukingojea Leta, kuna kazi ambayo mikono yetu inaweza leo. Ukisafiri, dai jina lako liandikwe, na uangalie kwa macho yako likiandikwa. Piga ile liste foto. Mbele ya kuondoka, tumia familia mesaji: jina la mashua, bandari, saa, na watu unaokadiria. Angalia ubavu: kama maji yako karibu kuingia, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Vaa gile na uifunge vizuri. Usikubali mtu awashe moto ndani ya mashua ya mbao. Ikitikisika, kaa chini mahali ulipo, usikimbilie upande wenzako wamekimbilia. Na ukiwa na mama ao baba asiyejua kusoma, umuandikie jina wewe mwenyewe.

Hatuombi watu waache kusafiri. Mama wa samaki hana njia ingine, na sisi tunakula samaki wake. Tunaomba tu asafiri akiwa mtu mwenye jina, asihesabiwe kama gunia. Gunia lenyewe, bandugu, linaandikwa! Kila gunia linalopakiwa pale Bukama lina alama ya mwenyewe, na likipotea atalidai. Mtu je?

Mbele ya kumaliza, tunawaomba kitu kimoja. Yule ndugu yetu aliyepoteza yaya yake hakutaka kusema hapa mbele. Alituomba tu tusimame kidogo, kimya, juu ya wale ambao hawakuandikwa popote. Tusimame.

Mkifika nyumbani, musimulie mtu mmoja anayesafiri juma hili. Mumuambie aseme bila aibu mbele ya mwenye mashua: andika jina langu, mbele nipande.