Aliyeumia Anakula Nini?
(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wenyeji, Sena, kisiwani Mfangano)



Sisi ni watu wa njia ya reli. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na nyundo, na masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo msitazamie maneno ya wakili. Tumeombwa tuseme juu ya majeraha ya kazini. Katibu alituonya tusilete sheria kavu, maana mara ya mwisho watu walisinzia. Basi tutaanza na mpira.

Tunajua hapa ni nyumbani kwa watu wa Gor Mahia, na mpira tutakaoutaja mtaucheka. Ni mpira wa Kiamerika. Mpira wenyewe una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama watu wa mgodini. Sisi tulianza kuufuata mwaka 2013, magazeti yalipoandika kwamba Mkenya, Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, ameajiriwa na klabu ya Colts ya mji wa Indianapolis. Alikuwa mchezaji wa raga, na mpira ule hakuwa ameucheza hata siku moja. Desemba mwaka ule ule aliingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika ligi ile kubwa. Alicheza michezo michache tu, na mwaka 2015 klabu ikaachana naye.

Mwaka huo wa 2015 ndio tunaotaka kuueleza, maana ulikuwa mwaka wa majeraha kwa klabu ile.

Klabu ilikuwa na kijana aitwaye Andrew Luck, aliyezaliwa 1989 kama Adongo. Yeye ndiye mrushaji, mtu anayepokea mpira nyuma ya wenzake na kuutupa mbele. Wenzake watano husimama mbele yake kama ukuta ili maadui wasimfikie. Ukuta ukiwa dhaifu, yeye huangushwa na watu wenye uzito wa gunia na nusu la mahindi, tena wanaokuja mbio. Wakubwa wa mpira walisema kabla ya msimu kwamba Colts huenda wakachukua ubingwa. Mwezi Septemba, katika mchezo wa tatu tu, Luck akaumia bega, lile la mkono wa kurushia. Akakosa michezo miwili. Akarudi katikati ya Oktoba. Tarehe 8 Novemba, siku waliyocheza na Denver, akapigwa vibaya: figo likachanika na msuli wa tumbo ukararuka. Mchezo ule aliumaliza na Colts wakashinda, lakini msimu wake ukaishia hapo.

Nani alishika nafasi yake? Matt Hasselbeck, mtu wa miaka 40. Katika kazi ile miaka 40 ni uzee kabisa. Mwezi Oktoba mzee huyu alishinda michezo yote miwili, na wa pili aliucheza akiwa ametoka kuugua, na maji ya dawa yalikuwa yametiwa mwilini mwake. Lakini naye alipigwa wiki baada ya wiki mpaka mwili ukakataa. Ilipofika tarehe 3 Januari 2016, siku ya mchezo wa mwisho, klabu ilichezesha watu wawili iliowaandika wiki ile ile, Josh Freeman na Ryan Lindley. Wakashinda, lakini haikusaidia. Hesabu ilikuwa kushinda 8 na kushindwa 8, na Houston waliowazidi kwa ushindi mmoja tu ndio waliopita.

Ndugu, tuliposoma habari hizo hatukufikiri juu ya mpira. Tulifikiri juu ya gangi.

Tulikuwa watu 12 katika gangi moja, chini ya mkandarasi ambaye jina lake tutaliacha. Mwenzetu mmoja aliangukiwa na kipande cha reli mguuni. Tukabaki 11 na maili zile zile. Mnyapara hakuomba mtu mwingine. Baada ya wiki chache mwenzetu wa pili akashikwa na mgongo, lakini alinyamaza, maana alikuwa kibarua wa siku na asiyefika halipwi. Alinyanyua taruma huku akiuma meno. Siku mgongo ulipomwangusha, alimwangusha na mwenzake waliyeshika pamoja, na huyo wa tatu akavunjika kidole. Kabla ya miezi miwili kwisha tulikuwa wanane, tukifanya kazi ya watu 12, na ofisini walikuwa wakiuliza kwa nini kazi inachelewa. Hayo ndiyo yaliyowapata Colts. Ukuta ulipokuwa dhaifu mrushaji aliumia, aliyeshika nafasi yake akaumia, na mwisho wakachukuliwa watu wa njiani.

Lakini kuna tofauti moja kati yao na sisi, na kwa ajili ya hiyo tumevuka maji kuja hapa. Luck alipokuwa kitandani, mshahara wake uliendelea.

Msidhani ni kwa sababu matajiri wa Marekani ni wapole. Chama cha wachezaji kilianzishwa mwaka 1956. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo Tom Mboya, aliyezikwa hapo ng'ambo Rusinga, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya. Mtajua jinsi wachezaji wale walivyokuwa wanyonge mkisikia walichodai: kiwango cha chini cha mshahara, vyombo vya kuchezea vilipiwe na klabu, na mtu akiumia kazini mshahara wake usikatwe. Matajiri hawakutaka kusikia. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba mpira ule ni biashara chini ya sheria kama biashara nyingine, ndipo walipoanza kulainika.

Na haikuisha hapo. Mwaka 1987 wachezaji waligoma, na matajiri wakaandika watu wengine wakacheza michezo ya wiki tatu. Mgomo ulivunjika. Sisi wa reli twajua uchungu wa jambo hilo. Hata leo mikataba mingi ya mpira ule si ya uhakika: mchezaji anaweza kufukuzwa akiwa mzima, na mshahara wa miaka iliyobaki ukapotea. Ila akiumia katika kazi ya klabu, mkataba unampa malipo ya msimu ule. Wengine wa chini hulipwa pungufu, kwa kuwa waliandikishwa hivyo tangu mwanzo. Tena, jeraha lililopatikana nje ya kazi ni shauri lingine, klabu yaweza kukataa kulipa. Ndiyo sababu kila kitu huandikwa siku ile ile.

Kuna mtu mwingine wa klabu hiyo ya Colts, wa zamani, ilipokuwa bado katika mji wa Baltimore. Jina lake John Mackey, mwenye fulana namba 88. Mwaka 1970 alikuwa rais wa chama cha wachezaji, akaongoza mgomo, na baadaye akawashitaki matajiri ili mchezaji apate nafasi ya kuhama klabu. Alishinda mwaka 1976. Uzeeni akili yake ilipotea kabisa, akawa mtu wa kutunzwa kama mtoto, na malipo ya uzeeni hayakutosha. Mkewe akamwandikia barua mkuu wa ligi. Mwaka 2007 ligi na chama wakapatana kuanzisha mfuko wa kuwatunza wachezaji wa zamani wenye ugonjwa huo, hadi dola 88,000 kwa mwaka, ukaitwa kwa namba yake. Alifariki 2011. Mtu aliyewapigania wenzake akangoja hivyo, je, asiyejulikana na mtu?

Luck naye, kwa kuwa mtauliza. Bega lile lilipasuliwa Januari 2017, akakosa msimu mzima, na klabu ikashinda michezo 4 kati ya 16. Akarudi 2018 akacheza vizuri sana. Halafu Agosti 2019, kabla ya kutimiza miaka 30, akasema inatosha, amechoka kuumia na kupona na kuumia tena. Alipotoka uwanjani siku ile watazamaji walimzomea. Sisi hatumzomei.

Sasa turudi kwetu. Tunayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayoitwa WIBA. Ilibishaniwa mahakamani miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ilipoikubali mwaka 2019. Inamtaka tajiri awakatie wafanya kazi wake bima. Ukiumia, mwambie tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua, na yeye ana siku saba za kumpa habari Mkurugenzi wa Usalama Kazini. Matibabu ni juu ya tajiri. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa, lakini si zaidi ya miezi 12. Aliyelemaa kabisa maisha yake yote ana haki ya mapato ya miezi 96. Dai lenyewe sharti lipelekwe kabla miezi 12 haijapita tangu siku ya ajali.

Yule mwenzetu wa mguu hakuambiwa hata moja ya hayo. Mnyapara alimwambia, "Pole, utapona, hakuna haja ya karatasi." Naye aliamini, maana mnyapara alikuwa mtu mwema, alimnunulia hata dawa. Mwezi wa 11 ndipo mmoja wetu alipokutana na katibu wa tawi, naye akakimbia na fomu. Dai limepokelewa. Pesa hazijafika mpaka leo, na mguu haukunyooka.

Mzee mmoja ametuuliza pale ufukoni: na mvuvi wa omena anayeumia usiku ziwani, tajiri wake ni nani? Mwenye boti, mwenye nyavu, au yeye mwenyewe? Tulimjibu kwamba kama mwenye boti amekuajiri na anakulipa mshahara, yeye ni tajiri. Kama mnagawana samaki, sheria yaweza kukuona wewe ni mshirika, na hapo mambo ni magumu. Twaomba wenye boti wa Sena wakae na mabaharia wao walizungumze jambo hilo kabla mtu hajaumia.

Boti ya kurudi Mbita yaondoka saa tisa. Karani amekaa pale chini ya mti na daftari. Wenye majeraha ambayo hayajaandikwa popote waje kwanza, na kila mmoja ajaribu kukumbuka tarehe.