Wazee Waliokaa Njiani

Fungueni Zekaria sura ya 8, mistari ya 4 na 5.

Yerusalemu ulikuwa umebomolewa, watu walikuwa wanarudi kutoka uhamishoni. Mungu anapowaonyesha mji utakavyokuwa amani ikirudi, katika mistari hii haonyeshi jeshi wala ukuta. Anaonyesha njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Na kabla ya watoto, anawaweka wazee, kila mmoja na mkongojo wake. Wazee hao hawachezi, hawapigi filimbi, hawapangi watoto mistari. Wamekaa tu mahali watoto walipo. Leo nataka tuongee juu ya hao waliokaa.

Sisi wa Kibati tunajua kukimbia. Mwaka 2008 watu wa Rutshuru na Kibumba walijaa hapa kwetu chini ya mabashe. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, na usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mwisho wa 2022 ikawa zamu yetu kubeba magodoro kwenda Kanyaruchinya. Katika kambi, mashirika yalifungua mahali pa watoto kuchezea, na vijana wetu wengi walipata kazi pale ya kuwaangalia. Kisha mwanzoni mwa 2025 kambi zikaachwa tupu, na kazi nyingi za namna hiyo zikaisha. Lakini watoto hawajaisha. Wako juu ya mawe meusi, wanapiga mpira wa matambara, wanasukuma chukudu ndogo walizochonga wenyewe. Anayewaangalia leo ni monitere wa shule ya Jumapili, ni mama anayeuza makala pembeni ya njia, ni kijana aliyebaki bila mkataba. Na kila mmoja ana sheria yake. Huyu anafukuza, yule anachapa, mwingine anaacha kila kitu. Hapo ndipo shida iko.

Kuna watu waliopita njia hii mbele yetu. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, pale Emdrup karibu na Copenhagen walifungua kiwanja cha mbao na vyuma vya kutupwa, watoto wajenge wanachotaka. Fundi wa bustani aitwaye Sørensen alikuwa ameona kwamba watoto wanapenda takataka za ujenzi kuliko bembea. Baada ya vita wazo hilo lilifika Uingereza, kwenye viwanja vilivyobomolewa na mabomu. Polepole ikawa kazi yenye watu wake, na mwaka 2005, kule Wales, kanuni zao ziliwekwa kwenye maandishi: 8 tu. Kiini chake ni kwamba mchezo ni wa mtoto mwenyewe, anauchagua na kuuongoza yeye, na mtu mzima anatunza nafasi ili uweze kutokea. Hawakuwa wanahubiri, lakini mimi naona wale wazee wa Zekaria humo.

Sasa swali ambalo mamonitere wananiuliza sana: watoto wakicheza vita, tuwakataze? Wengine wanasema ni roho mbaya, tuombe na tuchome bunduki za miti. Mimi sikubali haraka hivyo. Katika Luka 7:32 Yesu anataja watoto sokoni wanaocheza arusi na kilio. Alikuwa amewaangalia! Wala hakuwakemea kwa kucheza maziko. Mtoto anacheza alichokiona, na wa kwetu wameona askari. Basi kaa karibu, angalia. Wanabadilishana zamu? Wanacheka? Waache. Lakini kama ni mtoto yule yule anayefungwa kamba kila siku, naye analia, ingia. Na yule asiyecheza kabisa, anayekaa peke yake wiki nzima, huyo ananitia wasiwasi kuliko mwenye bunduki ya mti.

Kuna mahali pa kutosubiri. Kibati imepiganiwa mara nyingi: chuma usichokijua hakiguswi, watoto wanaondolewa, wakubwa wanaitwa. Vivyo hivyo kwa mazuku, ile hewa mbaya inayolala kwenye mashimo, sana sana upande wa njia ya Sake. Haionekani, na asubuhi bila upepo inaua. Lakini kupanda jiwe la volkano na kuchubuka goti? Hiyo si hatari ya kupigia kelele.

Wasichana nao. Wavulana wanacheza, dada zao wako na bidoni za maji. Monitere anayesema mlango uko wazi kwa wote ahesabu waliofika.

Na hili nitalisema wazi. Mtu mzima asimchukue mtoto peke yake mahali pa siri. Asimpe zawadi za kumnyamazisha, asimpige picha ili atafute msaada. Mtoto akisema ameguswa vibaya, hatumalizi mambo kinyumbani, hata aliyetajwa akiwa mtumishi tunayemheshimu. Anaondolewa kwa watoto siku hiyo hiyo, mtoto anapelekwa hospitali, na jambo linafikishwa kwa wenye mamlaka. Nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa mtoto tangu tarehe 10 Januari 2009. Kamati ya kanisa haiko juu yake.

Kwa hiyo naomba mamonitere wa makanisa ya hapa, pamoja na Wakatoliki na Waislamu, maana watoto hawachezi kwa dini, wakae waandike karatasi moja ya kanuni zao. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha nyumbani. Kabla ya kusaini, wawasomee watoto wenyewe. Watoto watatuonyesha tulipoandika mambo yasiyowezekana, na hapo tufute.